Kumtembelea rafiki anayeishi Roma: karatasi, mizigo na umeme wa kilowati 3

Rafiki anayekukaribisha Roma anakuokolea gharama ya hoteli, lakini naye anajifunga: jina lake linaingia kwenye maombi yako ya viza, na anwani yake inaandikishwa polisi. Kwa hiyo mazungumzo yenu yaanzie hapo, kabla ya kuulizana bei ya tiketi.

Muulize kwanza kama anaruhusiwa kulaza mgeni. Watanzania na Wakenya wengi walioko Roma ni mapadri, masista na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kipapa. Hao mara nyingi huishi katika kolegio, yaani mabweni ya kikanisa, au nyumba za mashirika yao, na huko mgeni anaweza kukaribishwa mezani lakini asipate kitanda. Hapo tafuteni casa per ferie, nyumba ya wageni ambayo mara nyingi huendeshwa na watawa. Kabla ya kulipia, ulizeni geti linafungwa saa ngapi usiku, kwa sababu baadhi yake zikishafunga hakuna wa kukufungulia.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya pamoja na Italia, ni euro 90 kwa mtu mzima, na 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 ambaye hajatimiza 12. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu hutolewa ndani ya siku 15, ila likihitaji uchunguzi zaidi linaweza kufika siku 45, kwa hiyo miezi mitatu kabla ndiyo wakati mzuri wa kupeleka. Mwenyeji hujaza na kusaini barua ya mwaliko, lettera d'invito, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake au ya kibali cha ukaazi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ikijumuisha matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani.

Sasa zipange karatasi zote mezani na usome tarehe tu. Mwaliko unasema tarehe 3 hadi 20, bima inaisha tarehe 19, barua ya likizo kutoka kazini inaishia 17: hapo umeshamfanya ofisa aanze kutilia shaka na yale yaliyo sahihi. Taarifa ya benki nayo ina mtego wake. Fedha nyingi zikiingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi, zinazua maswali. Kama ni mchango wa ndugu, ambatanisha barua yake inayoeleza hivyo.

Ukishafika, mwenyeji ana saa 48 za kuiarifu polisi kwa maandishi kwamba amempokea mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya. Asipofanya hivyo, faini ni kati ya euro 160 na 1,100, na anayelipa ni yeye. Mpe nakala ya pasipoti siku hiyo hiyo. Halafu njia uliyopitia ina maana yake. Ukipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, ukaguzi wa mpakani kwenye uwanja wa ndege wa Roma, Fiumicino, unatosha. Ukiingilia Amsterdam au Frankfurt, ambako tayari ni ndani ya Schengen, kisha ukaunganisha, wewe mwenyewe unatakiwa kutoa taarifa ya kuwapo kwako katika ofisi ya polisi, Questura, ndani ya siku 8.

Zawadi za chakula: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kabisa, hata samli ya mama. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2. Maembe na maparachichi hayapiti bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende hupita bila cheti hicho. Gawanya mzigo katika mabegi mawili madogo, kwani mawe ya barabarani katikati ya mji huvunja magurudumu, na majengo mengi ya zamani hayana lifti.

Ndani ya nyumba, jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni umeme. Mikataba mingi ya nyumba Italia ni ya kilowati 3. Birika la umeme peke yake hula kama kilowati 2, na pasi hukaribia hapo. Ukipiga pasi huku chai inachemka, na mashine ya kufulia inazunguka, umeme unakatika. Mita mara nyingi iko chini kabisa ya jengo, na rafiki yako ndiye atakayeshuka ngazi usiku kuurudisha. Washa kimoja, kizime, ndipo uwashe kingine. Maji ya moto nayo, kama yanatoka kwenye tangi, huisha, kwa hiyo wanaokwenda kazini waoge kwanza. Soketi za huko hazipokei plagi yetu ya pini tatu. Beba adapta mbili. Baridi pia ina ratiba: vipasha joto vya majengo huruhusiwa kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, si zaidi ya saa 12 kwa siku. Atakayefika mwishoni mwa Oktoba aje na sweta zito.

Matembezi yapange ili rafiki yako asilazimike kuomba ruhusa kazini kila siku. Basi na metro unaweza kulipia kwa kugusisha kadi ya benki, ila kila mtu na kadi yake. Tiketi ya Colosseum, uwanja wa kale wa Warumi, huandikwa jina, nalo lifanane na pasipoti. Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa. Kanga moja ndani ya mkoba inatosha kwa dada yeyote. Tiketi ya katekesi ya Papa siku ya Jumatano nayo ni bure, kwa hiyo anayekuuzia pale uwanjani mpite tu. Makumbusho ya Vatikani hayatozi kiingilio Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini mtu wa mwisho huingia saa 6:30 mchana, na foleni huanza mapema sana. Mwenye mtoto au mzee ni afadhali alipie siku nyingine.