Mwenyeji huulizwa vipi?

SWALI: Nitatembelea mji nisioujua kwa siku 4. Nimewaomba wenyeji wanitajie sehemu zisizojulikana, nao wakanitajia zilezile za kwenye vitabu vya wageni. Nimekosea wapi?

JIBU: Swali lako ni pana mno. Mwenyeji haoni njia anayopita kila siku kuwa ni kivutio, hivyo hukutajia anachodhani mgeni anakitaka. Muulize maisha yake: "Jumapili asubuhi hupenda kutembelea wapi?" Mweleze tarehe zako, usafiri ulio nao na sehemu unazozijua tayari, usije ukarudishiwa hizohizo. Uliza watu 3 wa shughuli tofauti. Jina likitajwa mara 2, lishike.

Kisha uliza yale ambayo yeye ameyazoea hata husahau kuyasema. Njia inapitika mvua ikinyesha? Inapita kwenye shamba la nani? Kama ni pwani, maji hujaa saa ngapi? Hili usilipuuze hata kidogo: kwenye pwani nyingi, kutoka maji kupwa hadi kujaa ni muda wa kama saa 6, na mchanga uliopitia unaweza kufunikwa wote ukiwa bado upande wa pili wa miamba.

Akikuomba usiitangaze sehemu hiyo, usiandike mahali ilipo kwenye picha utakazorusha.