Kokeini sikuiona, kafeini niliihesabu

Kazi yangu ni kushona kanzu, pale Mlandege, na kila fundi wa Unguja analijua kumi la mwisho la Ramadhani. Ukitoka tarawehe unakaa kwenye cherehani mpaka daku. Mwaka juzi nilikuwa nakwenda kwa makopo matatu ya enaji kwa usiku mmoja, na muuza kahawa akipita na dele lake simwachi.

Usiku mmoja nilitaka kutia vifungo kwa mkono. Nikatunga sindano, uzi haukuingia. Nikaulowesha kwa mate, nikausogeza kwenye taa, wapi! Ncha ya uzi inacheza pembeni ya tundu, mara kushoto mara kulia. Ndipo nikaona kuwa kinachocheza ni mikono yangu. Moyo nao nilikuwa nausikia shingoni.

Nilipomweleza mama hakuuliza mara mbili. "Nilikwambia mie! Mkojo wa ng'ombe dume huo, tena haramu." Nikapeleka habari Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, huko nikapewa nyingine: soda zote za Wazungu zimetiwa kokeini, ndiyo maana mtu haachi. Mzee aliyeniambia hayo alikuwa kwenye kikombe chake cha nne cha kahawa.

Nikaamua kutafuta mwenyewe. Nilichokuta ni kwamba uvumi wa kokeini una mzizi, ila ni mzizi mkavu. Coca-Cola ilibuniwa mwaka 1886 na mfamasia John Pemberton huko Atlanta, Marekani, na jina limetokana na majani ya koka na mbegu za kola. Majani ya koka ndiyo yenye kokeini, na siku hizo kinywaji kilikuwa nayo kweli. Karibu na mwaka 1903 kokeini ikaondolewa, na mabaki madogomadogo yakaisha kufikia 1929. Kilichonishangaza zaidi ni kesi. Mwaka 1909 serikali ya Marekani ilikamata mapipa 40 makubwa na madogo 20 ya sharubati ya Coca-Cola, na mwaka 1911 wakafikishana mahakamani. Waligombania kafeini, kile kichangamshi kilichomo hata kwenye kahawa.

Hili la mkojo wa ng'ombe linatokana na taurini, kitu kinachoandikwa kwenye makopo mengi ya enaji. Jina lina asili ya Kilatini, neno la ng'ombe dume, kwa kuwa mwaka 1827 wataalamu wa Ujerumani waliitoa kwenye nyongo ya ng'ombe. Nyongo, mama, si mkojo. Na hii ya kwenye makopo hutengenezwa kiwandani, ng'ombe hana habari.

Basi nikarudi kwenye kopo lenyewe, nikasoma yale maandishi madogo ambayo miaka yote nilikuwa nayafunika kwa kiganja. Kafeini miligramu 32 kwa kila mililita 100. Kopo la mililita 250 ni miligramu 80, matatu ni 240, na bado sijatia kahawa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asizidi 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito asizidi 200 kwa siku nzima. Soda ya kola ya mililita 330 haifiki hata miligramu 40, lakini ina sukari gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai.

Kuna jambo jingine ambalo fundi anapaswa kulijua: kafeini haitoki haraka. Kwa watu wengi nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Kopo nililolifungua saa kumi alfajiri, wakati wa daku, nusu yake nilikuwa nayo saa tatu asubuhi, nimelala macho nahesabu boriti, halafu nikiamka nasema nimechoka, nahitaji enaji.

Kwa hiyo ukitaka kunywa, soma kopo kwanza, na kahawa ya barazani itie kwenye hesabu hiyohiyo. Usifungue la pili kwa kuwa la kwanza "halijashika". Lisubiri, linaweza kuchukua kama saa nzima. Watoto wasipewe kabisa, hata funda la kuonja, nami nilishawahi kumpa mpwa wangu kwa mzaha. Moyo ukienda mbio hivyo na kifua kikabana, nenda hospitali, usije barazani kuuliza.

Mie nilipunguza mpaka kopo moja, na si kila usiku. Sikulala zaidi kwa hilo peke yake. Nililala nilipobandika karatasi mlangoni: vitambaa vya Sikukuu mwisho mwezi kumi na tano Ramadhani. Mwaka huu mteja wangu wa siku nyingi alinijia mwezi ishirini na tatu, kitambaa kwapani. Nikamwonyesha karatasi. Akanuna, akaenda kwa fundi wa mlango wa pili, ambaye mezani kwake nilikuwa nimeshahesabu makopo mawili.