Vikundi vya sanaa na redio zetu: maneno kwa mnaoanza kazi Pemba na Unguja

Msimu wa maonesho ukikaribia, vijana wapya wa jumuiya za sanaa huja redioni na barua ya namna moja: "Tunaomba mtutangazie." Tangazo litasomwa mara mbili tatu, kisha basi. Mimi nimeandaa vipindi katika redio jamii huku Pemba, na sasa ni katibu wa kikundi cha ngoma, kwa hiyo pande zote mbili nimezikalia. Ninalowaambia wanaoanza ni hili: msiende redioni na ombi tu, nendeni na kitu cha kurusha hewani.

Redio jamii, iwe ya Micheweni, Mkoani, Makunduchi au Tumbatu, inaendeshwa na watu wachache, na baadhi yao wanajitolea. Anayeandaa kipindi mara nyingi ndiye anayekirekodi, ndiye anayekihariri, na ikibidi ndiye atakayekaa kwenye maikrofoni. Saa za kujaza anazo tele. Anachokosa ni nauli na wasaa wa kwenda kutwa nzima shehiani kufuata ngoma. Mkimpelekea robo saa safi ya ngoma ya kibati, pamoja na mzee anayeeleza mchezo ulivyokuwa zamani, amepata kipindi, na nyinyi mmepata mlango. Mkiendelea kumpelekea, siku ya onesho lenu hamtahitaji barua, maana wasikilizaji watakuwa wanakujueni kwa sauti.

Wenzetu wa Mjini Unguja wana pa kuegemea. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza 2002, na tamasha la Sauti za Busara huwaleta wageni tangu 2004. Kikundi cha Konde au Kangani huku Pemba kikitaka kusikika nje ya shehia yake, redio ndiyo njia iliyo karibu. Ndiyo maana naumia nikiona rekodi nzuri ya ngoma imeharibika kwa jambo dogo.

Basi tuseme habari ya kurekodi. Kibati ni majibizano ya kasi. Watu wanarushiana maneno ya papo kwa papo, ngoma inapigwa, na waitikiaji wanaingia na wimbo. Uwanjani macho yanasaidia masikio, lakini redioni yapo maneno tu. Ukiiweka simu karibu na mpigaji utarudi na kishindo, na utani wote umepotea. Isogeze kwa wanaojibizana, hatua mbili tatu kutoka midomoni mwao, na ngoma iwe nyuma. Usirekodi pwani hata pakiwa pazuri vipi, maana upepo wa kusi au kaskazi utaila sauti yote. Uwanja wa nyuma ya nyumba unafaa zaidi, na kwa mahojiano tafuta chumba chenye mikeka na mapazia. Zima mtandao wa simu ili isiite katikati ya ubeti. Rekodi kidogo kwanza, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uendelee.

Kidumbaki, muziki ulio ndugu wa taarabu, kina shida yake. Sanduku, yaani besi ya uzi iliyofungwa kwenye kasha, lina sauti nzito inayofunika kila kitu, hivyo mpigaji wake akae mbali, fidla na mwimbaji wawe mbele. Na kabla hamjaondoka, rekodini nusu dakika ya mahali hapo bila mtu kusema neno. Anayehariri ataitumia kuunganisha vipande, na ataanza kukupendeni.

Juu ya saa za kurushwa hewani, msikubali tu mnayopewa. Ulizeni nani anasikiliza wakati huo. Katika vijiji vya mwani, siku za bamvua maji hutoka sana katikati ya asubuhi, na kina mama wako pwani. Kipindi chao cha saa 4 asubuhi siku hizo kinaongea na nyumba tupu, na usiku baada ya Isha ni afadhali. Ramadhani msipange ngoma wala taarabu. Huo ni mwezi wa kasida na mawaidha, na ndio wakati mzuri wa kutayarisha vipindi vya Idi. Tangazo la onesho lenu likipangwa kufuatana na matangazo ya vifo, ombeni lisogezwe. Kuna nyumba inalia wakati huo.

Ruhusa ichukueni kwa uzito. Si kila wimbo ni wa hewani. Nyimbo za unyago ni za wanawake na zina mahali pake, hata kama bibi aliyezihifadhi ni mama yako mzazi na amekuimbia kwa furaha. Muulize wazi kipi kitoke na kipi kibaki, na akisema hapana, yamekwisha. Watoto wa skuli waombewe kwa wazazi wao. Kwa maonesho ya hadhara waoneni mapema BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na nyimbo zenye watunzi wanaojulikana waulizeni COSOZA, wanaosimamia hakimiliki Zanzibar.

Fedha nitasema kwa ufupi: mnapoandika mradi, wekeni fungu la redio tangu mwanzo, yaani nauli ya mtayarishaji, chakula chake, na malipo ya muda wa hewani kama kituo kinatoza. Redio jamii nazo hulipa umeme.

Mwisho, nakala. Kompyuta za vituo hujaa, na vipindi vya zamani hufutwa kupisha vipya; hakuna anayekusudia ubaya. Nakala moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mtu wa nyumba nyingine, na kila faili liandikwe jina la mwimbaji, shehia na tarehe. Mzee aliyerekodiwa apewe yake, kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya mjukuu wake ikiwa yeye hana simu ya kuichezea.