Barua kwa mwanangu: tazama mtaa kabla ya nyumba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako niliisoma jana jioni, nikairudia leo alfajiri kabla sijashuka kitandani. Unasema umepata kazi mkoa ambao humjui mtu hata mmoja, una wiki tano za kutafuta pa kuishi, na umebakiwa na nyumba tatu za kuchagua. Ya kwanza ni nyumba nzima pembezoni mwa mji, ina uwanja na ukuta mrefu, na ni mwendo wa saa nzima hadi kazini. Ya pili ni vyumba viwili katika mtaa wa zamani wenye watu wengi, dakika 20 kwa miguu. Ya tatu iko kwenye ghorofa jipya kando ya barabara kuu, walikopanga wenzako wengi wa kazini. Kisha ukaniuliza: "Mama, mtaa mzuri kwa mtu anayeishi peke yake ni upi?"

Nitakujibu. Lakini chini kabisa, karibu na jina lako, umeandika: "Ingawa popote patafaa, ni kwa muda tu mpaka nitulie." Hapo ndipo nilipokwama, na hapo ndipo ninapoanzia.

Una miaka 31. Unafanya kazi, unajilipia kila kitu, na usiku utakapofika utalala mahali fulani na kesho utaamka hapo hapo. Hayo ndiyo maisha yako, si chumba cha kusubiria maisha. Shangazi yako anakushauri uchukue ile nyumba kubwa kwa ajili ya "watakaokuja". Wifi yangu namheshimu, na najua anakutakia mema, lakini hao wakija mtatafuta nyumba pamoja nao. Kwa sasa nyumba ya vyumba vinne ina vyumba vitatu vya ukimya, na wa kuvifagia ni wewe. Chagua mahali panapomfaa mtu uliye leo.

Hili nalijua kwa mwili wangu, na sidhani nimewahi kukusimulia lote. Nilikuwa na miaka 26 nilipohamishiwa kituo kipya cha kazi. Nilipata nyumba nzuri mno mwisho wa barabara, madirisha pande zote, upepo unapita. Kila aliyeiona aliniambia nimebahatika. Mwezi wa pili, Ijumaa jioni, homa ikanishika. Usiku nikashuka kitandani nikalala sakafuni, kwa sababu saruji ilikuwa baridi. Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mlango, hatua sita hivi, na kikombe kilikuwa juu yake. Jumamosi niliifikia. Jumapili niliitazama tu. Nilisikia magari yakipita kwa mbali, nikawaza: hata nikipiga kelele, nani wa kusikia? Jumatatu sikuonekana kazini, wakadhani nimeomba ruhusa. Jumanne ndipo walipomtuma mtu. Mimi ni nesi, mwanangu, nilijua vizuri kinachonipata, na ujuzi wangu wote haukuweza kuninyanyua pale chini.

Nilipopona nikahamia chumba kimoja katikati ya watu. Ng'ambo ya njia kulikuwa na fundi wa nguo, mama mtu mzima, cherehani chake kibarazani tangu asubuhi. Sikuwa rafiki yake, tulisalimiana tu. Siku moja nilitoka zamu ya usiku nikalala fofofo. Nikashtushwa na vidole vidogo vikigonga mlango. Ni mjukuu wake, kasimama na mkasi mkononi, akaniambia: "Bibi kasema pazia lako halijafunguliwa." Basi. Akageuka, akavuka njia, akarudi kwenye kivuli cha bibi yake. Nilikaa kitandani nikalia, na sikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mtaa unaomfaa mtu anayeishi peke yake ni ule ambao pazia lake lisipofunguliwa, kuna mtu ataliona. Mengine yote yapime baada ya hilo.

Usidhani ni hisia za mama tu. Nilipokuwa kwenye kazi ya afya ya jamii tulifundishwa habari ya joto kali lililoupiga mji wa Chicago, Marekani, Julai 1995. Katika muda wa wiki moja hivi vilitokea vifo 739 zaidi ya vile vya kawaida. Wengi waliokufa walikuwa wazee wanaoishi peke yao, wakakutwa vyumbani mwao, milango na madirisha yamefungwa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg akalinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Umaskini haukutofautiana sana, wazee wapweke walikuwepo kote kuwili, na jua lilikuwa lile lile. Lakini kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa takriban mara 10 ya kile cha jirani yake. Tofauti aliikuta nje ya nyumba. Upande mmoja viwanja vitupu, biashara zilizofungwa, njia ambazo watu waliogopa kuzipita, kwa hiyo wazee walijifungia ndani. Upande wa pili njia zilijaa watu na maduka mchana kutwa, na mzee alikuwa na sababu ya kutoka, na pa kwenda kupoza mwili. Watu waliokolewa na njia iliyo mbele ya mlango wao. Sijaisahau habari hiyo, na nilipoona picha ya ule ukuta mrefu ulionitumia, ndiyo iliyonijia kwanza.

Sasa hilo ghorofa la barabara kuu. Naelewa linavyovutia, kila kitu kipya, na wenzako wapo. Lakini sikia hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko San Francisco, Marekani, mtafiti Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Penye magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki 3 kwenye mtaa wake. Penye magari kama 16,000, wastani ulikuwa 0.9, yaani hata rafiki mmoja mzima haufiki. Kelele na mwendo kasi huwafukuza watu vibarazani, wakazoea kukaa ndani, wakaacha kujuana. Na kuhusu kupanga na wenzako wa kazini, nina hofu nyingine. Ukiwa na siku mbaya kazini, utapanda ngazi moja na yule mliyegombana naye. Na kazi ikiisha, marafiki, majirani na mshahara vitaondoka siku moja. Mtu aliye peke yake hapaswi kuegemeza kila kitu kwenye nguzo moja.

Ile saa nzima ya njiani nayo tuihesabu kwa kalamu. Saa moja kwenda, moja kurudi, siku 5 kwa wiki, wiki 48 za kazi kwa mwaka: ni saa 480, sawa na siku 20 kamili, usiku na mchana, umekaa garini. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Marekani alikadiria kwamba watu wawili wanahitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili kufahamiana kutosha kuitwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Tazama tena ile 480. Humo njiani ungeacha marafiki wawili wa kushibana kila mwaka. Mwenye familia akichelewa kurudi, kuna watu nyumbani wanamsubiri. Wewe ukirudi usiku umechoka, siku imekwisha hujaongea na mtu asiye wa kazini, na hakuna atakayejua.

Hapo utaniuliza, kama ulivyozoea tangu mdogo, mbona naona upande mmoja. Haya, upande wa pili ninao. Mtaa wenye macho una midomo pia. Watahesabu wageni wako. Watauliza unatoka wapi, mume yuko wapi, mbona umerudi saa tano. Wengine watakuchosha kweli kweli. Kuna udadisi wa kukujali na kuna udadisi wa kukuchunga, na utahitaji miezi michache kuutenganisha. Mwanzoni salimia wote, jibu kidogo. Si lazima kila mtu ajue unaishi peke yako, wala ratiba yako ya zamu. Chagua mmoja au wawili wa kuwaachia namba ya simu yangu. Na kama siku utakayokwenda kutazama utakuta vijana wanazuia njia na wanawake wanapita wameinamisha vichwa, ondoka, hata kama chumba ni kizuri vipi. Wingi wa watu peke yake si usalama. Tazama kama wanawake na watoto wako nje bado giza linapoingia, na kama wanatembea polepole.

Kwenda kutazama, usiende na dalali peke yake saa nne asubuhi, wakati kila mtaa ni mtulivu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, naye analipwa ukisaini. Rudi mwenyewe. Nenda siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi uone foleni ya usafiri. Nenda Jumamosi usiku usikie kelele. Mvua ikinyesha, hiyo ndiyo siku yako, vaa viatu uende. Shuka kituoni saa mbili usiku, utembee mpaka mlangoni kana kwamba unaishi hapo: taa zinaishia wapi, ni kona ipi moyo unaenda mbio, nani angekusikia. Nje ya nyumba angalia ukuta karibu na ardhi. Ukiona mstari wa tope uliokauka, sawasawa kama umepigwa rula, au rangi mpya iliyoishia usawa wa magoti, maji yamewahi kuingia humo. Ndani, funga milango yote ujaribu simu kama inashika mtandao. Fungua bomba. Mtu mmoja hana wa kumwambia "ngojea maji wewe, mimi natoka".

Usiwaulize watu "hapa ni salama?" Watakujibu ndiyo, ndipo kwao. Uliza: "Mtu akizidiwa usiku hapa mnafanyaje?" Mtaa mzuri una jibu, na mara nyingi linaanza na jina la mtu: tunamgongea fulani, ana gari. Wakitazamana kwanza, umejibiwa. Na ukimpata mpangaji anayehama, mwulize kwa nini. Huyo hana cha kupoteza.

Hata ndani ya nyumba yenyewe chagua mlango. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya familia za wanafunzi katika nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Wakazi waliulizwa rafiki zao ni nani: waliopakana mlango kwa mlango, 41 katika 100 walitajana, lakini waliokaa ncha mbili za korido ile ile, 10 katika 100 tu. Walio karibu na ngazi walijuana na watu wengi zaidi. Kwa hiyo wakikupa chumba cha mwisho nyuma kwa sababu "kimetulia", na kile kinachotazama njia, nadhani unajua nitakachosema. Weka pazia zito tu.

Pesa nitaisema kwa ufupi, maana hesabu umeizoea kuliko mimi. Usitazame kodi peke yake, ijumlishe na nauli. Nyumba ya mbali inaonekana rahisi mpaka uiongeze nauli ya mwaka mzima. Kodi yako inalipwa na mshahara mmoja, ukikatika hakuna wa pili, kwa hiyo usipange pa ghali hata ushindwe kuweka akiba ya miezi mitatu. Na usisaini mkataba mrefu. Omba miezi mitatu, sita ikibidi. Ukikosa mkataba wa namna hiyo, panga chumba kidogo cha kuanzia, usinunue kabati wala kitanda kikubwa, uujifunze mji kwa miguu. Kukosea mtaa si aibu, aibu haimo humo kabisa. Mimi nilikosea, nikahama na mabegi mawili, na yule fundi ndiye aliyenipokelea moja.

Umeona ninakoelekea: vyumba viwili, mtaa wa zamani. Lakini sijaviona, na anayelala humo ni wewe, si mimi. Alhamisi ukitoka mapumziko yako ya mchana mpigie mwenye nyumba, umwambie utapita jioni. Tembea kutoka kazini mpaka pale, polepole. Ukifika nipigie, halafu usiseme kitu kwanza. Nyoosha simu kuelekea njiani, niusikie huo mtaa.

Mama yako