Grisi Ipi kwa Giaboksi ya Plastiki? Majibu kwa Wenye Vifaru vya Rimoti

Barua za safari hii karibu zote zinahusu vifaru vya mfano vya skeli ya 1/16, hasa vile vinavyouzwa na giaboksi za plastiki. Zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Wahariri, salaam. Kifaru changu kilianza kulia kila kikigeuka. Nikafungua giaboksi na kupuliza ile dawa ya kulegeza kutu wanayotumia mafundi magari. Kikanyamaza kabisa. Baada ya wiki mbili kasha limepasuka kwenye matundu matatu ya skrubu, na sasa gia zinaruka meno. Je, plastiki ilikuwa mbovu tangu kiwandani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Plastiki haina kosa, ndugu msomaji. Watu wengi huangalia gia wakasahau kasha, na kasha ndilo linalokufa kwanza. Gia za giaboksi hizi kwa kawaida ni za POM au nailoni, plastiki ambazo mafuta mengi hayazidhuru. Kasha mara nyingi ni la ABS, plastiki nyingine yenye tabia tofauti. Ikiwa imelala tu mezani itavumilia mengi. Ikiwa imevutwa, kama inavyovutwa na skrubu iliyokazwa, viyeyusho hupenya ndani yake mahali pale pale penye mvuto na kuifungua polepole. Ndiyo maana nyufa zako zimetokea kwenye skrubu na si katikati ya ukuta.

Shika kasha mbele ya taa na ulizungushe taratibu. Kwenye nguzo za skrubu ambazo bado hazijapasuka utaona vistari vyeupe vyembamba vinavyoanzia kwenye tundu la skrubu kwenda nje. Ukucha ukipita juu yake hauhisi kitu. Nguzo yenye vistari hivyo itapasuka pia, hata ukiisafisha leo, kwa hiyo usihangaike na gundi. Nunua kasha jipya na uhamishie gia zako baada ya kuziosha.

Kile kimya cha mwanzo kilikudanganya. Sehemu kubwa ya dawa za namna hiyo ni kiyeyusho chepesi kinachokauka. Kiliosha grisi ya kiwandani kwenye meno, kikalainisha kwa muda, kisha kikatoweka na kuacha gia kavu. Usitumie pia petroli, tina ya rangi, asetoni wala dawa ya kusafishia breki. Na kuna mwingine asiyeshukiwa: gundi ya buluu ya kuzuia skrubu zisilegee. Imetengenezwa kwa chuma kwenye chuma. Ikigusa ABS au polikaboneti (plastiki nyingine ngumu) kabla haijakauka, hupasua vilevile.

SWALI: Bwana mhariri, mtuambie jina moja tu la grisi ya kununua. Dukani nimeonyeshwa nyeupe ya lithiamu, ya silikoni, nyeusi ya beringi, na moja ya bei ghali yenye PTFE. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kama pesa ipo, chukua hiyo ya PTFE, yaani yenye plastiki telezi kama ya kikaango kisichoshika, ila soma kwanza kibandiko. Unatafuta mafuta ya sintetiki ya aina ya PAO, na maneno yanayosema wazi kwamba ni salama kwa plastiki. Super Lube ni mfano unaopatikana nchi nyingi: ni PAO yenye PTFE, namba 2 kwenye NLGI, kipimo cha ugumu wa grisi. Tamiya nao wanauza Ceramic Grease HG, namba 87099, yenye unga wa boroni naitraidi. Ni tyubu ndogo, lakini kwa giaboksi mbili itadumu muda mrefu.

Ya silikoni ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye mfuko mdogo. Haidhuru ABS, POM wala nailoni, na hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maji, maana mafundi huipaka kwenye mipira ya vichujio na mabomba. Ina kasoro tatu. Kwanza, chuma kikisuguana na chuma huishiwa nguvu haraka, kwa hiyo usiitegemee pale gia ndogo ya shaba ya mota inapokutana na gia ya chuma. Pili, hutambaa, ikifika kwenye bodi unayotaka kupaka rangi, rangi haitashika. Tatu, usiiweke karibu na brashi za mota. Mvuke wake ukikutana na cheche hugeuka silika, na silika haipitishi umeme.

Nyeupe ya lithiamu haina neno kwa meno ya gia, mradi iwe ya tyubu au kopo. Ya kupuliza ina kiyeyusho ndani, na hapo tunarudi kwa msomaji wetu wa Tanga. Mafuta ya msingi ya grisi hii ya lithiamu kwa kawaida hutokana na mafuta ghafi, kwa hiyo iishie kwenye meno na isifike kwenye nguzo za skrubu. Nyeusi ya beringi iache dukani.

Ukiwa na shaka na grisi yoyote, ijaribu. Kata vipande viwili vya ABS kwenye fremu ya vipuri vilivyobaki, vikunje nusu duara juu ya chupa, uvifunge kwa waya vikae vimekunjika. Kimoja kipake grisi, kingine kiache kikavu. Baada ya siku tatu vitazame mbele ya taa. Kilichopakwa kikionyesha vistari vyeupe na kikavu hakina, grisi hiyo si ya kifaru chako.

SWALI: Nitajuaje gia zangu ni POM au nailoni? Rafiki ameniambia nichome moja ninuse moshi. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usichome. POM ikiungua hutoa gesi ya fomaldehaidi. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka iwe haiyeyuki tena, kisha tumbukiza gia na uiguse iachie mapovu ya hewa. POM itazama. Nailoni ya kawaida itaelea, na ABS vilevile. Nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo nayo huzama, lakini hilo lisikusumbue, kwani POM na nailoni zote mbili huvumilia grisi. Suuza gia kwa maji safi na uikaushe.

SWALI: Assalaam alaykum. Naomba kipimo: grisi kiasi gani, na inawekwaje? Huku tunachezea kwenye mchanga. – Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Kidogo kuliko unavyofikiri. Giaboksi moja yenye gia tatu au nne inatosheka na kiasi kidogo sana.

Chomoa nyaya za mota na uandike kushoto na kulia kwa kalamu, kisha toa magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo. Fungua kasha na upige picha kabla ya kugusa gia yoyote. Toa mota pembeni; hiyo haioshwi. Gia na kasha vioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, mpaka meno yasiteleze tena. Kausha kabisa. Kwa kijiti cha meno weka grisi ya ukubwa wa punje ya mchele kwenye gia mbili za katikati tu, uzizungushe kwa mkono. Zenyewe zitawapelekea wenzao. Ncha za ekseli zinazokaa kwenye bushi za shaba nyekundu yenye vinyweleo zinataka tone moja la mafuta mepesi yaliyo salama kwa plastiki. Grisi nzito huziba vile vinyweleo.

Wakati wa kufunga, zungusha kila skrubu kinyume kwanza mpaka usikie inaingia kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ikigusa tu, acha. Kaza kupita hapo na utakuwa umeandaa ufa mpya mwenyewe. Inua kifaru juu ya kopo, kiendeshe nusu mwendo dakika mbili mbele na dakika mbili nyuma, kisha futa grisi yoyote iliyorukia upande wa mota.

Kuhusu mchanga: mnyororo na magurudumu ya nje yaache makavu. Mchanga ukishikwa na grisi unakuwa msasa. Kama kasha lina upenyo kwenye ekseli, fungua na kuosha kila baada ya saa kama kumi za kuchezea, hata kama hakuna sauti.

SWALI: Nimepaka grisi nzuri lakini bado nasikia tik, tik, tik, mwendo ukizidi nayo inazidi. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Toa gia ndogo iliyobanwa kwenye shafti ya mota na uitazame kwa kioo cha kukuzia, kati ya jino na jino. Ikiwa ya plastiki, huenda imepasuka hadi kwenye shafti. Nafasi ile moja imepanuka kidogo na kila ikifika kwenye gia kubwa inagonga. Si kosa la grisi. Gia imekaa imebanwa kwa miaka na imechoka. Gundi haitashika hapo, tafuta ya shaba yenye idadi ileile ya meno na tundu la shafti yako.

SWALI: Mafuta ya nazi je? Vaselini? Oili ya gia ya gari? – Wasomaji kadhaa

JIBU: Mafuta ya alizeti na wenzake hunata kadiri yanavyozeeka. Ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi. Arusha asubuhi kifaru kitagoma. Vaselini inafaa kwa dharura tu, joto la mota hulilainisha likaondoka kwenye meno. Oili ya gia ya gari ni nyepesi mno kwa kasha lisilo na sili, itavuja, na viungo vyake vya salfa vinaweza kushambulia shaba.

SWALI: Nimebadilisha, sasa nina giaboksi za chuma. Naendelea na silikoni? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana, hapo silikoni inashindwa. Tumia grisi ya lithiamu yenye molibidenamu, kwenye meno yote, na uongeze kidogo kuliko ulivyoweka kwenye plastiki. Ila angalia giaboksi imefungwa kwenye nini: kama bodi ya chini ya kifaru bado ni ya ABS, futa kila inayodondokea kwenye skrubu za kushikia.