Niuze mipaini nimnunulie mdogo wangu kofia ya ubongo?

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana sonona mwaka wa pili sasa, dawa alitumia wiki tatu akasema hazisaidii akaacha. Juzi nimeona video ya kofia inayosoma ubongo wa mtu papo hapo halafu inaushtua kulingana na hali yake mwenyewe, na mtandaoni wanauza. Nina nusu eka ya mipaini, niiuze? Au ndo ile shoti ya umeme ya zamani? – Dada, Mafinga

JIBU: Pole sana dada yangu. Mipaini usiuze, iache ikue.

Ile shoti mgonjwa analazwa usingizi kwanza na degedege linaletwa kwa makusudi. Hii nyingine inaitwa TMS, mtu yuko macho kabisa kakaa kwenye kiti, anawekewa koili, yaani waya uliozungushwa mviringo, juu ya kichwa, koili inapiga sumaku na ile sumaku inaamsha umeme kidogo ndani ya ubongo bila kupasua popote. Ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani wakairuhusu kwa sonona 2008, kwa wale ambao dawa zimewashindwa.

Sasa hilo la kusoma ubongo papo hapo ni kweli lipo na mimi linanipa matumaini sana. Ubongo una mawimbi ya umeme, mengine yanapanda na kushuka mara 8 hadi 12 kwa sekunde moja, na TMS ya kawaida inapiga tu bila kuangalia wimbi liko wapi. We unajua kutwanga wawili kinu kimoja, mchi wako unashuka wa mwenzio ukiwa umepanda, ukikosea hata kidogo michi inagongana, basi ndo hivyo. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, 2018 waliwavalisha watu vipimo vya EEG, vile vya kusoma umeme wa ubongo kutoka juu ya kichwa, kompyuta ikawa inavizia wimbi la eneo linaloendesha mkono, likifika chini kabisa ndo sumaku inapiga, na misuli ya mkono ikaanza kuitikia kwa nguvu zaidi hata baadaye. Wakipiga wimbi likiwa juu, hakuna. Ila wale walikuwa watu wazima wenye afya na kilichopimwa ni mkono, kwa sonona bado wanatafiti.

Hizo za mtandaoni nyingi wala si sumaku, ni betri inayopitisha umeme mdogo wa milliampia 1 au 2 kwenye ngozi, na ukizifunga vibaya zinaunguza. Kuhusu TMS yenyewe, mwenye kifafa au chuma kichwani lazima daktari ajue kwanza.

Kilichoniuma zaidi kwenye barua yako ni hizo wiki tatu. Dawa za sonona mara nyingi zinataka wiki 4 hadi 8 ndo mtu aone nafuu ya kueleweka, mdogo wako kaacha kabla hata hazijafanya kazi! Panda naye basi mwende Iringa hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili, mwambieni daktari ukweli kwamba aliziacha na kwa nini, zipo aina nyingine na yapo mazungumzo ya ushauri pia.

Na tafadhali dada, zile dawa za kupulizia viazi na mahindi zitoe nyumbani leo, kampe jirani akutunzie, na mdogo wako akianza kuongea habari za kufa usimwache peke yake hata usiku mmoja, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.