Jani kama kalibu ya maumbo ya mikromita: linawezekana, ila uwahi kabla halijasinyaa

Ndugu uliyeuliza kama jani la mmea linaweza kuwa kalibu ya maumbo ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa mtu asiye na chumba safi kisicho na vumbi wala vifaa vya fotolithografia, yaani kuchora maumbo madogo kwa mwanga: linaweza, nami nimeitumia njia hiyo kwa muda mrefu. Ugumu haumo katika kumimina silikoni bali katika jani lenyewe, ambalo limejaa maji na huanza kusinyaa mara linapochumwa.

Wengi hutumia PDMS, silikoni ya maabara inayochanganywa sehemu 10 kwa 1 ya kigandishi, na huigandisha kwa joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Kalibu ya kioo huvumilia joto hilo, lakini jani bichi hutoa mvuke, mvuke huo huleta mapovu, na seli hubonyea kabla silikoni haijakaza. Kwa hiyo iache PDMS igande kwa joto la kawaida kwa siku moja au mbili. Mimi hupendelea kuanza na silikoni ya madaktari wa meno, ile ya kuchukulia alama za meno, kwa kuwa hukaza kwa dakika chache tu. Wataalamu wa mimea huitumia kuhesabu stomata, matundu madogo ya jani ya kupitishia hewa: huibandua kutoka kwenye jani, hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi ndani ya alama iliyobaki, kisha hutazama utando wake kwa hadubini. Kazi yako itafuata mkondo huo huo, yaani silikoni ya kwanza ni kalibu hasi (umbo la jani lililogeuzwa), na epoksi, plastiki ya maji inayokaza, utakayomimina ndani yake ni nakala chanya (umbo la jani lenyewe). Ukiamua kumimina PDMS juu ya PDMS, tanguliza dawa ya kuzuia kushikamana, la sivyo havitaachana.

Kuhusu aina ya jani, usihofu majani yanayokataa maji kama ya lotasi au magimbi, kwa sababu mvutano wa uso wa silikoni ni mdogo sana kuliko wa maji, hivyo hupenya mahali ambapo tone la maji lingeteleza. Vinundu vya lotasi, vyenye upana wa takriban mikromita 10, hutoka vizuri. Nta iliyo juu yake ni dhaifu zaidi, kwani sehemu yake hung'oka na kubaki ndani ya kalibu. Jihadhari pia na mimea yenye salfa nyingi, kama jamii ya vitunguu, kwa kuwa salfa huzuia kichocheo cha platinamu kinachoikazisha silikoni, nayo hubaki inanata.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mishipa iliyo upande wa chini wa jani, ambayo huacha mifereji ndani ya silikoni. Fotolithografia ya tabaka moja hutoa mifereji yenye kina kimoja, ilhali mshipa wa jani hupungua upana na kimo kwa pamoja kila unapogawanyika, na kuchonga umbo hilo kwa mashine ni kazi ngumu sana. Mwaka 2014 watafiti wa San Diego, Marekani, walikwenda mbali zaidi: walichukua mirija ya mimea yenye umbo la springi, wakaipaka titani na nikeli, wakapata viogeleaji vidogo vinavyoendeshwa kwa sumaku.

Kama unachohitaji ni mfereji ulionyooka wenye vipimo kamili, jani halitakufaa. Kama ni mtandao wa matawi, tueleze upana wa tawi lako jembamba kuliko yote, kwa sababu hicho ndicho kipimo kitakachoamua jani la kuchuma.